Si feki, imepikwa na bati

Saa tisa alasiri, malori ya makontena yanapokuwa yamepanga foleni kuelekea bandarini na madereva wameshuka kutafuta kivuli, duka la dawa ninakonunua panadol za nyumbani hapa Kurasini huwa halina mteja. Dada anayehudumia huvuta stuli hadi mlangoni, akajipepea na kipande cha boksi. Siku moja ya Februari nilimwendea na kipimajoto kidogo cha ukutani, nikamwomba nikiweke kwenye rafu ya juu, jirani na maboksi ya amoksilini.

"Kaka yangu, huko juu mchana hata panya hapandi," akaniambia, lakini akanisogezea stuli.

Nilikaa robo saa. Nilipopanda kutazama, mshale ulikuwa umeshaipita 30 na bado unatambaa. Juu yangu palikuwa na bati tupu, hakuna dari. Boksi lililokuwa mbele ya kipimajoto liliandikwa kwa herufi ndogo kwamba dawa ihifadhiwe pakavu, kwenye joto lisilozidi nyuzi 30.

Ubavuni mwa duka kibao cha zamani bado kinasomeka, rangi imebanduka: Duka la Dawa Baridi. Najua jina hilo halikuhusu joto. Dawa baridi ni dawa nyepesi, zile ambazo mtu anauziwa bila cheti cha daktari. Baadaye serikali ikaanza kuyageuza maduka ya aina hiyo kuwa Maduka ya Dawa Muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, muuzaji akapewa mafunzo na kuruhusiwa kuuza baadhi ya antibaiotiki pamoja na mseto wa malaria. Yote hayo nayajua. Ila nikilisoma neno "baridi" mwezi wa pili, saa tisa, chini ya bati la Kurasini, naona kama mtu ananikejeli.

Sisi wa kando ya bandari tumezoea neno jingine. Simu ikizima, feki. Betri isipokaa na chaji, feki. Na homa ya mtoto isipokata siku ya tatu, mama hutikisa kichwa: zile dawa zilikuwa feki. Hasemi bure. Mwaka 2009 dawa za malaria za Metakelfin, za kughushi, zilikutwa katika famasi 40 nchini, zikiwa na kiambato pungufu. Agosti 2012, katika Hospitali ya Wilaya ya Tarime, zikagundulika dawa bandia za kufubaza virusi vya Ukimwi zikiwa na jina la TT-VIR 30. Hizo hazikununuliwa gizani kwa mchuuzi. Zilifika kwa wagonjwa kupitia mfumo rasmi wa ugavi. Mtu aliyesoma habari ile akiwa anameza ARV kila siku, nani atamlaumu akikitilia shaka kila kidonge mpaka leo?

Lakini feki ina raha yake. Ina mwizi. Waziri anaweza kusimama mbele ya kamera, maboksi yakachomwa moto dampo, sote tukalala tukijua adui kashikwa. Dawa halali iliyochoka haina mwizi, wala hakuna wa kumpeleka mahakamani.

Na dawa iliyochoka, au iliyotoka kiwandani ikiwa dhaifu, ndiyo watafiti wanayokutana nayo zaidi kwetu. Mwaka 2010 zilikusanywa sampuli 1,737 za dawa za malaria zenye artemisinini kutoka maduka binafsi ya Tanzania. Maabara haikukuta hata moja ya kughushi. Hata hivyo asilimia 12.1 zilikuwa na kiambato kilichopungua au kilichozidi mipaka inayokubalika. Utafiti mwingine wa kitaifa uliotangulia, uliochapishwa mwaka 2008, ulipima sampuli 304 za dawa mbalimbali za malaria na kukuta asilimia 12.2 hazikufikia kiwango. Si mbali na lile kadirio la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2017, kwamba dawa moja katika kila kumi kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati ama ni duni ama ni ya kughushi. Kwenye vichwa vya habari "ama" hizo mbili huangushwa, zinabaki zote feki.

Kuna kipimo kimoja ningependa kila mnunuzi akione kwa macho. Kidonge hutumbukizwa kwenye chombo cha kioo chenye maji ya joto la mwili, nyuzi 37, kasia dogo likawa linazunguka polepole kama mtu anayekoroga uji asitake kuumwaga. Muda ukitimia, maji huchotwa na kupimwa dawa kiasi gani imetoka kwenye kidonge. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa vidonge vya malaria, SP na amodiakwini, vilivyonunuliwa kwa wauzaji wa jumla binafsi hapahapa Dar es Salaam. Kwa kipimo hicho, asilimia 44 ya sampuli za SP zilianguka. Fikiria maana yake. Kidonge kina dawa ndani, jina ni lenyewe, boksi ni lenyewe. Kinaweza kupita tumboni kama kokoto na kutoka bila kuiachia dawa yote. Mgonjwa kameza, kalipa, kafuata dozi kama alivyoambiwa, na malaria haina habari.

Tusiionee mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba. TMDA, iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi mwaka 2019, ina maabara iliyotambuliwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2011, na Desemba 2018 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kutambuliwa na shirika hilo kuwa imefikia daraja la tatu la usimamizi wa dawa. Kwenye vituo vya kuingilia nchini wakaguzi wana Minilab, maabara ya kubeba iliyobuniwa Ujerumani. Kidonge husagwa, kikachanganywa na kimiminika, tone lake likadondoshewa kwenye bamba jembamba pembeni ya tone la dawa ya mfano. Bamba likisimamishwa ndani ya chupa, kimiminika hupanda na madoa yakapanda nacho. Chini ya taa ya urujuanimno bamba linawaka kijani, madoa yanaonekana meusi, na jicho linalinganisha: yamefika kimo kimoja? Weusi unalingana? Chaki iliyotiwa rangi haitoki hapo. Lakini kidonge kilichopungukiwa kidogo, au kile kisichoyeyuka, kinaweza kupita kikipunga mkono. Na hata kikipita kwa haki, hapo ni bandarini tu, mwanzo wa safari yake.

Kutoka geti la bandari hadi Keko, ilipo Bohari ya Dawa, ni mwendo mfupi. Siku isiyo na foleni hujamaliza hata kahawa ya kijiweni. Bohari, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, ina maghala, ina majokofu, na dawa zake huwekwa alama ya GOT ili za serikali zisionekane mtaani zikiuzwa. Njia ya duka binafsi ni nyingine. Boksi linanunuliwa kwa muuzaji wa jumla katikati ya mji, linafungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, linapigwa jua Barabara ya Kilwa, kisha linapanda rafu ile ya juu na kukaa hapo miezi. Ni nadra mkaguzi kuja kupima kilichobaki ndani ya kidonge miezi sita baadaye. Aspirini angalau hujisema yenyewe: ikishikwa na unyevu wa pwani, fungua kopo na unuse, utapata harufu ya siki. Dawa nyingi huharibika kimya, rangi ileile, ladha ileile.

Namtetea pia yule dada wa stuli. Dari ni pesa, feni ni pesa, na umeme wa LUKU haumwonei huruma mtu. Chumba ni cha kupanga, mwenye nyumba hataki kusikia habari za dari. Yeye mwenyewe ameajiriwa. Ukimwambia apandishe bei ili aweke kiyoyozi, mteja atavuka barabara kwenda duka la jirani, lenye bati lilelile.

Tena wateja wenyewe tuna mambo yetu. Nilikaa pale hadi jua likapoa, watu wakaanza kuingia wakitoka kazini. Mama mmoja mwenye kapu la samaki aliinama dirishani.

"Mwanangu, nipatie zile kapsuli za rangi mbili, za elfu moja."

"Za nini, mama?"

"Mguu huu, umevimba."

"Mama, za elfu moja hazifiki dozi."

"Zinatosha. Nikipata nafuu nitakuja kumalizia."

Dada akanitazama, akatazama mkasi. Akakata.

Ule mkasi ndio niliokuja kuufikiria kuliko kipimajoto. Tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo mara nyingi hupigwa chapa mwisho mmoja wa karatasi ya vidonge. Wa kwanza akikatiwa upande huo, waliobaki wote wanapewa vidonge visivyo na umri wala ukoo. Kisha vinaingia kwenye bahasha ya kaki yenye maandishi ya kalamu: 1 x 3. Siku TMDA ikitangaza redioni kwamba toleo fulani lirudishwe, mama wa samaki atalinganisha na nini? Mimi mwenyewe yalinikuta kwenye duka moja ambalo silitaji: nilifika nyumbani na vidonge vinne vya mafua, nikageuza karatasi mbele na nyuma, sikuona hata herufi moja ya tarehe. Nilivimeza. Niandike nini zaidi.

Na nusu dozi inakamilisha kazi ambayo joto limeianza. Mseto wa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, vinne asubuhi na vinne jioni, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili mwili uipokee dawa. Anayekula nane akasikia ahueni akaziweka nyingine kwa ajili ya homa ijayo ameviachia vimelea vilivyo sugu uwanja mtupu. Yule aliyemeza zote 24, lakini zenye kiambato pungufu, kafanya jambo lilelile bila kujua. Ndivyo klorokwini ilivyotutoka mikononi mwaka 2001, SP ikaifuata miaka michache tu baadaye. Usugu hauulizi nani alikosea.

Nikirudi kwenye joto, mtaani kwetu yupo mzee mmoja, fundi makenika mstaafu, mwenye kisukari. Insulini huwekwa kati ya nyuzi 2 na 8, naye hana friji. Kwa miaka chupa yake inayotumika ameitunza kwenye chungu cha udongo chenye mchanga mbichi, ukumbini, chini ya dirisha linalopokea upepo wa bahari. Wauguzi walikuwa wakimgombeza. Kisha, mwaka 2021, ukachapishwa utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliopima joto la nyumba za wakimbizi Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, ukakuta kwamba insulini iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu sawa na ya kwenye jokofu.

Nilimpelekea habari hiyo jioni ileile niliyotoka dukani, na kipimajoto changu mkononi. Alikichukua, akakizika kwenye mchanga pembeni ya chupa, tukanywa kahawa tukizungumzia Yanga. Alipokitoa kilisoma 26. Akakifuta kwa kanzu, akanirudishia. "Kampelekee yule binti wa dukani," akasema. "Mwambie na mchanga upo, hauuzwi."