Habari za kweli kwa anayekimbilia Uganda: namna ya kutumia tovuti ya HCR



Mapigano yalipofika Bunagana mwezi wa sita mwaka 2022, maelfu ya ndugu zetu wa Rutshuru walivuka mpaka na kuingia Uganda. Anayekimbia hubeba mtoto, sufuria na blanketi, lakini hubeba uvumi pia. Mmoja husema kuandikishwa ni kwa pesa, mwingine husema watu wa kabila fulani hawapokelewi. Uvumi wa namna hii unawanyang'anya maskini pesa, tena unaleta chuki kati ya watu wanaoteka maji kwenye bomba moja. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna ya kutafuta habari kwenye tovuti ambayo HCR imewawekea wakimbizi.

Kufungua tovuti

Andika anwani hii kwenye simu: help.unhcr.org. Iandike herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hutengeneza anwani zinazofanana nayo. Ukitumiwa ujumbe wenye anwani nyingine unaoahidi safari ya Kanada au Marekani, usiufungue na usiwapelekee wengine.

Tovuti itakuuliza nchi. Chagua nchi uliyopo au unayokwenda, siyo ile uliyotoka, kwa maana sheria na huduma za kila nchi ni tofauti. Kisha tafuta mahali pa kuchagua lugha. Lugha hazilingani kwa nchi zote. Kama Kiswahili hakipo, tazama Kifaransa, au umwombe kijana aliyesoma akufasirie.

Kutafuta unachohitaji

Kwenye simu, orodha ya habari mara nyingi imefichwa nyuma ya mistari mitatu midogo iliyo juu. Ukiigusa itafunguka. Anza na habari za kuandikishwa, kisha haki na wajibu wa mkimbizi, halafu shule, matibabu na mahali pa kuomba msaada.

Mambo matatu tunaomba myashike:

1. Tovuti inaeleza tu, haiandikishi mtu. Nchini Uganda mkimbizi huandikishwa na serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, ikishirikiana na HCR, na mtu hufika yeye mwenyewe. Baadaye anaweza kupelekwa kwenye makazi kama Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II au Kyangwali.

2. Huduma za HCR na washirika wake ni za bure. Kuandikishwa hakulipiwi. Kupelekwa nchi ya tatu hakulipiwi. Anayekudai pesa, hata akiwa amevaa fulana yenye alama ya shirika, anakuibia. Tovuti inaonyesha mahali pa kumshitaki.

3. Namba za simu na saa za ofisi hubadilika. Ziandike kwenye karatasi pamoja na tarehe uliyozisoma, maana simu huzimika na salio huisha.

Kama umepotezana na mtoto au mzazi, kuna tovuti nyingine: familylinks.icrc.org, ya Msalaba Mwekundu. Kazi hiyo pia ni ya bure. Asiye na intaneti aende kwa watu wa Msalaba Mwekundu walio karibu naye. Tunawasihi msitangaze picha na jina la mtoto aliyepotea kwenye mitandao ya watu wote, kwa sababu mwenye nia mbaya anaweza kujifanya ndugu yake.

Kwa viongozi

Katika familia nyingi simu ni moja, na mara nyingi iko mkononi mwa baba. Wajane, wazee na vijana wasiojua kusoma wanabaki na uvumi peke yake. Viongozi wa kambi, wachungaji na akina mama wa vikundi wanaweza kuchagua siku moja ya juma, wakasoma habari hizo kwa sauti mbele ya watu wa makabila yote. Familia zikisikia neno moja kwa wakati mmoja, hakuna atakayesema jirani yake amependelewa. Likizuka neno jipya, msilikubali na msilikatae kabla ya kulitazama kwenye tovuti au kuuliza ofisini. Kuuliza si ujinga.