Kasingirima hadi kwa Mkapa: Nauli ya kurudi itengwe kwanza

JULAI 25, 2021 mashabiki wa Kasingirima, Ujiji, hawakuhitaji kwenda Dar es Salaam kuwaona watani wa jadi. Watani walikuja wenyewe. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilipigwa Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma, Mukoko Tonombe wa Yanga akalimwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na Taddeo Lwanga akaipa Simba bao pekee kwa kichwa baada ya kona, dakika za lala salama. Kutoka Ujiji ilikuwa safari fupi tu ya daladala. Siku hiyo watu wa Dar ndio walioulizana nauli na vyumba vya gesti.

Raha ile haiji kila mwaka. Ni kweli Mashujaa, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24, inawaleta Simba na Yanga Kigoma kila msimu, ila wanakuja mmoja mmoja. Dabi yenyewe ina kwao, nako ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, watu 60,000, rangi mbili. Kwa shabiki wa mwisho wa reli kuna takriban kilomita 1,250 za reli kati yake na geti la uwanja huo.

Ndiyo maana kila ratiba ya Bodi ya Ligi ikitoka, vijiweni Ujiji huanza hesabu. Nani ana ndugu Temeke? Treni inaondoka lini? Mzunguko shilingi ngapi? Swali ambalo huchelewa kuulizwa ni moja: mechi isipochezwa itakuwaje?

Si swali la mkosi. Limeshatokea mara mbili ndani ya miaka minne.

Mei 8, 2021, Jumamosi, watu walikuwa wameshaingia uwanjani. Mechi iliyopangwa saa 11:00 jioni ikasogezwa hadi saa 1:00 usiku. Yanga wakafika kwa muda wa awali, wakaondoka zao. Simba wakaja kwa muda mpya, hawakumkuta mpinzani. Dabi ikaahirishwa, ikaja kuchezwa Julai 3, na Yanga wakashinda 1-0 kwa bao la Zawadi Mauya.

Machi 8, 2025, Jumamosi tena. Usiku wa kuamkia mechi Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani, wakatangaza hawatacheza. Siku ya mechi yenyewe Bodi ya Ligi ikaahirisha. Ikapelekwa Juni 15, ikasogezwa tena hadi Juni 25, siku ya Jumatano. Yanga 2, Simba 0. Penalti ya Pacome Zouzoua na bao la Clement Mzize.

Shabiki wa Kariakoo, mechi ikiahirishwa, anapanda daladala anarudi kwake kulala. Wa Kasingirima amekaa garini au kwenye behewa siku mbili, na siku mbili nyingine zinamsubiri. Hakuna dirisha la kumrudishia nauli hiyo. Kingine, Jumamosi zote mbili ziliangukia mwezi wa Ramadhani. Kwa mji kama Ujiji, ambako familia nyingi hukusanyika kwenye futari, mtu aliyeaga nyumbani katika mwezi huo alikuwa ameacha kitu kikubwa kuliko fedha.

Na fedha zenyewe zinatoka ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, vyombo vingi hupumzika. Mei 8 ile mwezi ulikuwa umebakiza siku chache kuandama, yaani giza lenyewe, usiku wa kazi. Aliyesafiri alipoteza nauli na mavuno. Kuna pia vipindi ambavyo ziwa lenyewe linafungwa, kama Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Hapo muda wa kusafiri unakuwepo wa kumwaga, lakini mfuko mtupu.

Sasa chukulia vijana watatu wa Kasingirima wanaotaka kwenda na kurudi bila kuchoma nauli. Cha kwanza kwao kisiwe tiketi ya mechi. Tiketi ndiyo rahisi kuliko vyote. Mara kadhaa kiingilio cha mzunguko cha dabi kimekuwa buku tano. Cha kwanza ni nauli ya kurudi. Itengwe kabla ya ile ya kwenda, na isisafiri nao. Waiache kwa mama nyumbani, aitume kwa simu siku ya kukata tiketi ya kurudi. Inaonekana kama utoto, lakini kila kijiwe kina mtu anayejua jinsi nauli ya kurudi inavyoishia kwenye mkeka Jumamosi asubuhi, kwa timu za Ulaya ambazo hata hajawahi kuzifuatilia.

Cha pili ni siku. Treni haiondoki Kigoma kila siku na haiahidi dakika. Mechi ikiwa Jumamosi, hesabu zianzie siku hiyo zirudi nyuma, na lengo liwe kufika Dar Alhamisi. Atakayepanga kufika Jumamosi asubuhi anacheza kamari. Masika ndiyo mtihani zaidi, kwa sababu kipande cha reli kati ya Gulwe na Kilosa kina historia ndefu ya kusombwa na mafuriko, na dabi za mzunguko wa pili hupenda kuangukia miezi hiyohiyo.

Behewa la daraja la tatu ndilo nafuu, na chakula kinategemea ulichofunga. Ugali wa muhogo hausafiri vizuri. Migebuka iliyokaushwa inasafiri. Vituoni kuna biashara: chumvi Uvinza, asali Tabora, kuku Saranda. Mtu akinunua kila kinachopita dirishani atafika Dodoma ameshakula hela ya gesti.

Dodoma kuna uamuzi. Tangu 2024 treni ya umeme ya SGR inafanya kazi kati ya Dodoma na Dar, na ilipoanza nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh31,000. Mtu aliyechelewa na treni ya zamani anaweza kushuka, akahamia huko na kufika Dar kwa saa zisizozidi nne hivi. Fedha hiyo si ndogo, kwa hiyo iwekwe kama akiba ya dharura. Wanaopenda basi watashushwa kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, ambako mgeni hudhani amefika, kumbe bado kuna safari nyingine hadi Kariakoo.

Malazi ndiyo yanayofanya safari iwe ya bei rahisi au ghali. Watu wa Kigoma wamejaa Dar, na baba mdogo wa Temeke au shangazi wa Mbagala ana thamani kuliko hoteli. Lakini asivamiwe. Apigiwe simu wiki mbili kabla, aambiwe idadi na siku ya kuondoka, na wageni wasije mikono mitupu. Dagaa wa Kigoma na dumu la mawese vinalipa deni ambalo hela haiwezi kulipa. Asiye na ndugu atafute gesti upande wa Temeke, Keko au Chang'ombe, ili baada ya mechi arudi kwa miguu. Usiku wa dabi daladala hazipandiki.

Kabla ya yote, uwanja uhakikiwe. Si kila mechi ya Simba au Yanga ya nyumbani inachezwa kwa Mkapa. Nyingine huchezwa KMC Complex, Mwenge, au Azam Complex, Chamazi, na sehemu hizo haziko jirani hata kidogo.

Wakifika Alhamisi, wana Ijumaa nzima ya kuuona mji, na kwa shabiki wa soka ziara ya bei poa inaanzia Kariakoo. Makao ya Simba yapo Mtaa wa Msimbazi. Ya Yanga yapo Jangwani, kona ya Twiga. Kwa miguu unayaona yote mawili asubuhi moja, bure, na ndipo unapoelewa utani huu ulivyo wa mtaa mmoja: Yanga ya 1935, Simba ya 1936, majirani wanaosikiana. Mvua ikiwa imenyesha, pita Jangwani kwa tahadhari. Maji ya bonde la Msimbazi hayajali nani bingwa.

Kutoka hapo ni mwendo wa kutembea hadi sanamu ya Askari, iliyosimikwa 1927 kuwakumbuka askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Jina la Kariakoo nalo limetokana na wapagazi wa vita hiyohiyo, waliosajiliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya Waingereza. Makumbusho ya Taifa yapo Mtaa wa Shaaban Robert, na Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Mwenye hamu aingie. Asiye nayo asijilazimishe, jua la Dar linachosha.

Jioni ni ya Feri. Samaki wanakaangwa palepale sokoni, na kivuko cha kwenda Kigamboni kwa mtu wa miguu kimekuwa Sh200 kwa miaka mingi. Hakuna utalii wa bei hiyo mji mzima: unavuka mlango wa bandari, unaziona meli kubwa, unageuka unauona mji wote. Kadi ya N-Card inayofungua geti la kivuko ndiyo hiyohiyo ya geti la uwanja, hivyo ichukuliwe mapema, isisubiri foleni ya Jumamosi.

Mtoto wa Ujiji hashangazwi na maji mengi. Ziwa lake ndilo lenye kina kirefu kuliko yote Afrika. Kinachomshangaza ni bahari kuhama: asubuhi mchanga umeenea mbali, jioni mawimbi yapo miguuni. Tanganyika haina kupwa na kujaa. Kwa hiyo akienda Coco Beach Jumapili kula mihogo ya kukaanga, viatu asiviache mbali na macho.

Jumamosi yenyewe haina maelezo mengi. Kula kabla ya kuondoka, simu mfuko wa mbele, hela kidogo mfukoni, ingia mapema. Jezi ya mtani isitaniwe kwenye foleni. Wenzako watatu wakubaliane sehemu ya kukutana nje ya geti, maana mtandao wa simu huelemewa watu wakiwa wengi.

Na tangazo likitoka saa nane mchana kwamba dabi imeahirishwa? Vijana hawa tayari wameshapita Msimbazi, wamevuka Kigamboni, wamekula samaki wa Feri na Jumapili yao ya Coco Beach ipo palepale. Wamepoteza mechi, na inauma. Ila mama yupo Kasingirima na nauli yao, na baba mdogo bado ana dagaa jikoni. Wasichofanya ni kubaki Dar kusubiri tarehe mpya; ya 2021 ilichukua karibu miezi miwili, ya 2025 zaidi ya mitatu.

Jumatatu wanampigia mama.