Kiko na Mti Usioogopa Moto

Katika mji wa Jinja tumbaku si jambo geni. Kiwanda cha sigara kilianzishwa huko mwaka 1928, na kwa miaka mingi majani yaliyolimwa katika sehemu mbalimbali za Uganda yalisafirishwa hadi mjini humo. Lakini kabla ya sigara kuenea, wazee wa nchi za Maziwa Makuu, wake kwa waume, walikuwa wakivuta kiko. Hata leo, kutoka Wanyange hadi Mbale, si ajabu kumkuta mzee anayekithamini kiko chake kama vile mwingine anavyoithamini fimbo yake.

Duniani wako watu wengi ambao kwao kiko si chombo cha kuvutia tumbaku tu. Hukikusanya, hukisugua kikang'aa, hubadilishana viko na wenzao, na hujadiliana kwa saa nyingi juu ya ubora wa mti. Na mti wanaousifu kuliko yote unaota pia juu ya Mlima Elgon, unaosimama nyuma ya mji wa Mbale.

Tangu zamani binadamu amejaribu vitu vingi kutengenezea kiko. Katika Afrika Mashariki kilichozoeleka ni bori la udongo, yaani kichwa kinachotiwa tumbaku, pamoja na mrija wa tete. Katika kiko cha maji, digali huuongoza moshi ndani ya buyu. Udongo ni rahisi kupatikana, lakini hupata moto upesi mkononi na huvunjika ukianguka. Huko Marekani hutumika gunzi la mahindi lililokaushwa. Jenerali Douglas MacArthur, aliyejulikana sana katika Vita Kuu ya Pili, alipigwa picha nyingi akiwa na kiko cha namna hiyo mdomoni.

Kitu kingine ni jiwe jeupe jepesi liitwalo mershamu, ambalo likikauka huweza kuelea majini. Jiwe hilo lilichimbwa Sinya, kaskazini ya Tanzania, karibu na Amboseli. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation, iliyokuwa Arusha, ilitengeneza viko vya jiwe hilo na kuviuza ng'ambo. Baadhi yake viliitwa kwa jina la Kiswahili, "Kiko", na kwa njia hiyo neno letu likaingia katika maduka ya Ulaya.

Hata hivyo, tangu miaka ya 1850, mafundi wa mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa walipoanza kutumia mti wa erika, hakuna kitu kingine kilichoweza kuushinda. Wataalamu wa mimea huuita Erica arborea. Majani yake ni membamba na madogo sana, na maua yake ni meupe. Huota kwa wingi katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, kama vile Italia, Ugiriki, Algeria na kisiwa cha Corsica.

Sehemu inayotakiwa si shina wala tawi, bali ni nundu inayokua kati ya shina na mizizi. Vichaka vya huko huungua mara kwa mara wakati wa kiangazi. Moto ukipita, matawi yote huteketea, lakini ndani ya nundu imo akiba ya chakula na machipukizi, na mti huchipua upya. Mbao ya nundu hiyo ni ngumu, nyuzi zake zimesokotana, na haishiki moto kwa urahisi. Kwa sababu hiyo tumbaku huweza kuwaka ndani yake mara nyingi bila kiko chenyewe kuungua.

Kazi ya kuitengeneza yataka subira. Nundu hukaa ardhini miaka 30 au zaidi kabla ya kufaa. Ikichimbuliwa huwekwa mahali penye unyevu ili isipasuke. Kisha hukatwa vipande kwa msumeno, na vipande huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu mchungu utoke. Baada ya hapo huanikwa kivulini kwa miezi mingi, na wengine huvingoja miaka kadhaa. Ndipo fundi hukereza bori, hutoboa njia ya moshi, na kutia mdomo wa kiko, ambao mara nyingi ni wa mpira mgumu uitwao eboniti. Vipande vingi hutupwa kwa sababu ya nyufa au matundu, na kile kisicho na kasoro hupata bei kubwa.

Wapenzi wa kiko nao wana kanuni zao. Kiko kilichotumika leo hupumzishwa hadi kesho ili unyevu ukauke. Mdomo wake hauchomolewi kingali na moto, maana kiungo huweza kupasuka. Masizi hukwanguliwa taratibu, na njia ya moshi husafishwa kwa waya uliovikwa nyuzi za pamba.

Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, una kilele cha Wagagai chenye urefu wa mita 4,321. Mtu apandaye kutoka upande wa Mbale hupita mashamba ya kahawa na migomba, kisha msitu mkubwa, kisha mianzi. Akizidi kupanda, hufika mahali penye baridi kali ambapo miti ya erika imejaa. Utafiti wa urithi wa mimea uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha ya kuwa asili ya mti huo ni Afrika Mashariki, na kwamba ulienea kuelekea kaskazini hata ukafika Ulaya. Basi kiko kinachosifiwa Paris au London kimetokana na mti ambao mababu zake walikuwa katika milima yetu.

Haifai mtu kusikia habari hizi akachukua shoka na kupanda mlimani. Tangu mwaka 1993 sehemu hiyo ni Hifadhi ya Taifa, na kukata miti yake bila ruhusa ni kosa. Mimea ya juu hushika udongo na kutunza maji ya mito ambayo watu wa mabondeni huitegemea.

Jambo kubwa zaidi limo ndani ya nyumba. Wako wanaodhani ya kuwa kiko hakidhuru kwa sababu wengi hawaumezi moshi wake. Dhana hiyo si ya kweli. Moshi wa kiko huleta saratani ya midomo, ulimi, koo na mapafu. Tumbaku kwa jumla huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na baadhi yao hawakuivuta, bali waliishi pamoja na wavutaji. Nundu ya erika iliumbwa kustahimili moto. Kifua cha binadamu hakikuumbwa hivyo.

Katika nyumba za askari, ambako mara nyingi jamaa nzima hulala katika vyumba vichache, moshi wa baba ni moshi wa mtoto pia. Asiyeweza kuacha mara moja na avutie nje, mbali na watoto na mama mjamzito. Tumbaku yenyewe ni sumu kwa mtoto akiimeza, basi iwekwe juu mahali asipofikia, pamoja na kiberiti. Majivu yazimwe kwa maji kabla ya kumwagwa, maana cheche moja yatosha kuunguza godoro. Anayetaka kuacha na amwone mganga katika zahanati iliyo karibu.

Na kiko cha babu kisitupwe. Kisafishwe, kipakwe nta, kiwekwe kabatini, na watoto waelezwe habari za mti uliosafiri kutoka milima ya Afrika hadi mikononi mwa mafundi wa Ulaya. Upendo wa kazi ya fundi hauhitaji moshi.