Kolwezi: mshahara wa fundi wa baridi huamuliwa getini

Kolwezi, huku Kongo, haina joto la Mombasa. Mji umekaa juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai watu hulala kwa blanketi zito. Septemba na Oktoba, mvua zikiwa bado, jua huchoma kweli, ila nyumba nyingi hutosheka na dirisha lililo wazi. Kwa hali ya hewa peke yake, frigoristi, yule fundi wa viyoyozi na majokofu, angekufa njaa hapa. Hafi, na wengine wanajenga. Anayemlisha ni mgodi.

Ukiingia kiwanda cha kusafisha shaba, kiyoyozi chenye thamani kuliko vyote utakikuta mahali ambapo hakai mtu: chumba cha umeme. Makabati ya kuendesha mota hutoa joto usiku na mchana. Baridi ikikatika hujizima yenyewe yasije yakaungua, na pampu zinasimama. Kuna tena maabara, kabini za malori makubwa na makontena ya kulala kambini. Adui ni vumbi jekundu, linaloziba mapezi ya mashine ya nje mpaka inanguruma bila kutoa baridi yoyote. Fundi anayejua kuyaosha mapezi hayo bila kuyapinda, kusoma geji zake mbili na kuchomelea bomba la shaba lisivuje, anaokoa saa za uzalishaji. (Bomba lenyewe huletwa kutoka ng'ambo, katika nchi inayosafirisha shaba kila siku kupitia mpaka wa Kasumbalesa.)

Sasa tuje kwenye makuta. Mafundi wawili waliosoma darasa moja wanaweza kuhudumia kiyoyozi kilekile, na mwisho wa mwezi mifuko yao isifanane hata kidogo. Mmoja ameajiriwa na mgodi wenyewe, tuseme KCC, Tenke Fungurume au Kamoa: mshahara unahesabiwa kwa dolari, familia inatibiwa, na sendika inakaa mezani na wakubwa. Mwingine yuko sutretansi, yaani katika kampuni iliyokodiwa na mgodi. Anavaa kofia inayofanana na ya mwenzake, anapita geti lilelile, lakini bwana wake ni mwingine na mkataba wake mara nyingi ni wa miezi.

Na hao wa pili ndio wengi. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza, pamoja na wanasheria wa CAJJ wa hapa Kolwezi, lilitoa ripoti juu ya migodi mitano ya kobalti ya kiviwanda: zaidi ya nusu ya wafanyakazi, kama asilimia 57, walikuwa wa kampuni za nje. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba familia ya Kolwezi ilihitaji dolari 402 kwa mwezi ili iishi kwa heshima. Wakati huo kima cha chini cha sheria, kilichowekwa 2018, kilikuwa faranga 7,075 kwa siku. Zidisha kwa siku 26 za kazi, ubadilishe: dolari 90 hivi. Mwaka 2025 serikali ilikipandisha hadi faranga 14,500, na hata hapo pengo lilibaki kubwa.

Kima hicho ni kimoja kwa Kongo nzima, Kolwezi sawa na Kananga. Kenya hufanya vingine: amri zake za mishahara hutenga miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, kisha manispaa, kisha kwingineko, kila fungu na kima chake. Marekani nako, ambako takwimu za serikali za Mei 2024 zilimpa fundi wa kazi hii wastani wa kati wa dolari 59,810 kwa mwaka, mishahara ya jimbo na jimbo hailingani. Huku kwetu sheria haijagawa ramani, lakini geti limeigawa. Fungurume ni mji mdogo mbele ya Lubumbashi, ila mgodi uko pale; Lubumbashi ina shule na mafundi tele wanaogombania wateja, ndiyo maana kijana anabeba sanduku lake la vifaa na kushika njia ya kilomita kama 300 kuja Kolwezi. Akifika anakuta kodi ya nyumba inatajwa kwa dolari.

Asiyepata geti anabaki mjini, akiishi kwa vyumba vya baridi vya wauza samaki wa thomson na kuku wa kugandishwa, mahoteli na friji za majirani. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani, na laini ya umeme ya Inga inafika Kolwezi tangu miaka ya 1980, lakini umeme wa mtaani hupanda na kushuka. Ukipanda ghafla kompresa inaungua, na kompresa iliyoungua ni ugali wa fundi. Soko hili halimtendei haki fundi mwaminifu: anayeziba tundu halafu ndipo ajaze gesi haitwi tena mwezi ujao, na anayejaza tu huitwa kila mara.

Sheria ya Februari 2017 ilitenga kazi za sutretansi kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongo. Ni jambo jema kwa mwenye kampuni. Kwa aliyepanda ngazi na bisibisi mkononi haikuweka hata faranga moja.

Kwa hiyo, kijana, kabla hujasaini, soma kundi la kazi uliloandikiwa. Viwango vya mshahara katika amri ya 2018 ya kima cha chini vilipanda kutoka moja kwa kibarua wa kawaida hadi mara kumi kwa kadre, na fundi aliyeandikwa kibarua anapoteza kila mwezi. Kampuni ikikataa kurekebisha, nenda inspeksheni ya kazi ukiwa bado na buletini zako zote za mshahara, maana CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo itapiga hesabu ya pensheni yako kwa mshahara uleule uliotangazwa.