Fahamu: Dawa ya kufulia ikikurukia jichoni

Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura ulio jirani na Chuo Kikuu cha Burundi, ni wa nyumba zilizobanana. Nguo zikifuliwa uani, chupa ya javeli, dawa ya kung'arishia nguo, haiwi mbali na watoto.

Ikimrukia mtu jichoni, kwanza maji. Hospitali baadaye. Ainamishe kichwa upande wa jicho lililoumia, dawa isitiririkie la pili, kope zishikwe wazi, amiminiwe maji safi polepole kwa dakika 15 hadi 30. Lenzi zitolewe huku maji yakiendelea. Bomba la Regideso, shirika la maji, likikauka, na hukauka, ndoo ya akiba na kikombe vinatosha.

Wapo wanaokimbilia limau au siki ili “kuua” dawa. Ni kuongeza jeraha.

Kemikali inayotisha zaidi ni alkali: chokaa, saruji mbichi, soda kali ya kutengenezea sabuni. Asidi nyingi hugandisha protini za juu ya jicho, na tabaka hilo huizuia kuzama. Alkali huyeyusha mafuta ya seli na kupenya ndani, wakati mwingine bila maumivu makali. Kwa hiyo aliyeosha vizuri bado aende kwa daktari, chupa ya dawa mkononi.