Nilikwenda Malindi Kuona Bahari

Wasomaji wengi wa bara wamesikia habari za Malindi, lakini si wote waliofika. Mimi ni karani wa serikali hapa Voi, na kwa miaka mingi nimewaona wageni wakija kutazama wanyama wa Tsavo, kisha wakishika njia ya pwani. Nilikuwa nikijiuliza kuna nini huko hata mtu atoke Ulaya aje alale mchangani. Basi katika likizo ya shule ya mwezi wa Novemba niliazimu kwenda kujionea mwenyewe, nikamchukua na mwanangu mwenye umri wa miaka tisa.

Kijana huyu alikuwa amebandika ukutani picha ya kalenda yenye bahari ya rangi ya buluu. Kila jioni aliniuliza, "Baba, ni kweli maji yako hivyo?" Nami nikamjibu, "Ni kweli, nawe utayaona." Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hili nusura linishinde.

Desturi ya kwenda pwani kustarehe si ya kale sana, hata huko Ulaya. Katika nchi ya Uholanzi kuna mahali paitwapo Scheveningen, palipokuwa kijiji cha wavuvi. Mwaka 1818 mtu mmoja, Jacob Pronk, alijenga hapo nyumba ndogo ya mbao ya kuogea, kwa kuwa watu wa siku zile waliamini kwamba maji ya chumvi ni dawa. Leo pamekuwa mahali pa hoteli kubwa. Malindi nayo iliishi karne nyingi kwa uvuvi na biashara. Hoteli za wageni zilianza kujengwa huko katika miaka ya 1930.

Tulipanda treni ya Madaraka Express, iliyoanza kazi mwaka 2017, tukashuka Miritini nje ya Mombasa. Toka hapo tulisafiri kwa matatu kuelekea kaskazini, tukapita mashamba ya katani ya Vipingo, kisha tukafika Kilifi. Zamani magari yalivuka hapo kwa feri, lakini tangu mwaka 1991 kuna daraja refu, na mwanangu alisimama kwenye kiti ili atazame maji chini. Mbele yake tuliandamana na msitu wa Arabuko-Sokoke, na jua lilipokuwa likishuka tukaingia Malindi.

Mji huu una historia ya kutosha. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga. Mwanangu alicheka sana kusikia kwamba mnyama anayemwona kando ya reli aliwahi kusafirishwa kwa jahazi. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 alifika Vasco da Gama, na mfalme wa Malindi akampa rubani wa kumwongoza hadi India. Nguzo ya Wareno, yenye msalaba wa jiwe juu yake, ingali imesimama kwenye rasi hadi leo.

Lakini kijana hakuja kuona nguzo. Kulipopambazuka tu alinishika mkono tukateremka ufukweni. Loo! Maji yalikuwa ya rangi ya hudhurungi, mfano wa chai iliyotiwa maziwa, na mawimbi yaliacha utando wa tope juu ya mchanga. Kijana alisimama kimya, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, hii ndiyo?" Nilikosa la kumjibu.

Karibu nasi palikuwa na mzee mmoja akitoa maji katika mashua yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Mwatoka wapi?" Nilipomwambia kuwa twatoka Voi, akatabasamu, akasema, "Basi tope hili mlitangulia kulileta, na ninyi mmelifuata." Nilidhani anatania. Akaniketisha juu ya ukingo wa mashua, akanieleza.

Mto Athi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, ukapita Ukambani. Katika mbuga yetu ya Tsavo hukutana na Mto Tsavo. Toka hapo mto huitwa Galana, nao hupita kwenye maporomoko ya Lugard, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Humwaga maji yake kaskazini kidogo ya Malindi. Mvua ikinyesha bara, udongo wa mashamba na wa malisho yaliyokwisha majani huteremka wote pamoja. Upepo wa kusi ukivuma, tope husukumwa upande wa Mambrui na Ngomeni. Lakini kaskazi ikianza, tope hugeuka kusini na kuijaza ghuba ya Malindi.

"Siku kama hizi," akasema mzee, "mgeni hutazama maji, akarudi chumbani kwake. Mimi nami hurudi nyumbani mikono mitupu."

Adhuhuri tulikwenda hadi daraja la Sabaki kuthibitisha maneno yake. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, na ndani yake yalielea magogo na mashina ya mahindi. Mahindi, bwana! Hayakuota baharini yale. Yalikuwa shamba la mtu, naye huenda alikuwa akilalamika wakati uleule kwamba ardhi yake imechoka.

Hasara ya pwani si ya macho tu. Ghuba imejazwa mchanga na udongo hata ufuko ukapanuka, na baadhi ya majengo yaliyokuwa karibu na maji sasa yako mbali nayo. Matumbawe yahitaji mwanga wa jua. Tope likiyafunika, hudhoofika, na samaki wanaojificha humo hupungua. Ili kuyalinda, serikali ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968, lakini askari wa hifadhi hawezi kuuzuia mto.

Siku ya pili mzee alitupeleka kusini, ndani ya hifadhi, kwa mashua yenye kioo chini. Namshukuru Mungu, tope lilikuwa halijafika huko. Maji yalikuwa buluu kama ile picha, na chini ya kioo tuliona samaki wa manjano na wa milia wakipita kati ya matumbawe. Kijana alilala kifudifudi saa nzima, hakusema neno. Deni langu likalipika, lakini nilijua kuwa limelipika kwa bahati.

Njiani kurudi nilifikiri mengi. Zama za ukoloni wazee wetu walilazimishwa kuchimba matuta, na kwa kuwa walilazimishwa, wengi waliyachukia. Baba yangu hakuyachukia. Shamba letu liko kwenye mteremko wa vilima vya Taita, naye alilijengea kingo za mawe kwa mikono yake. Tangu nishike kalamu kingo hizo zimebomoka, na kila mwaka baba huniambia, nami humjibu kwamba sina nafasi. Ni kweli kwamba udongo wetu haupiti Sabaki. Wenyewe hufuata Mto Voi, uliojengewa Bwawa la Aruba mwaka 1952. Bwawa hilo nalo limeingiwa na tope, na katika kiangazi kikali limewahi kukauka, ndovu wakasimama juu ya nyufa. Mto ni mwingine, lakini kosa ni lile lile.

Basi, ndugu msomaji, ukipata nafasi nenda Malindi. Utauona mji mzuri na watu wakarimu. Lakini kabla ya kwenda, pita kwanza shambani kwako siku ya mvua, utazame maji yanayotoka ni ya rangi gani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi nilipanda kwa baba nikiwa na sururu. Mzee hakuniuliza kitu; alinionyesha tu ukingo wa kuanzia. Kijana alibeba mawe madogo, na kila alipoweka moja aliuliza kama sasa yule mzee wa mashua atapata wageni. Nilimwambia mawe yetu hayafiki kwake, lakini kila mwenye shamba akiweka yake, siku moja yatafika.