Helmeti Ikae Kichwani

Katika barabara kuu ya Mombasa kuelekea Malindi, upepo ndio mtihani wa helmeti. Mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, nguvu ya upepo huwa mara nne. Helmeti pana huinuka, ikayumba na kuziba macho.

Pima kichwa kwa utepe, juu kidogo ya nyusi. Helmeti ifaayo hubana mashavu, na ngozi huifuata ukiitikisa. Funga mkanda, usipitishe zaidi ya vidole viwili. Kisha isukume kutoka kisogoni kuelekea mbele. Ikichomoka, iache dukani. Mwenye ushungi aijaribu akiwa nao, bila fundo la nywele.

Sponji hulegea kwa matumizi: iliyolegea leo, kesho haitamrudisha mzazi salama kwa wanawe.